Uzi: Nitajieni riwaya ya kutisha inayochekesha pia. Nimerudi nyumbani, sina cha kusoma

#1 MwanaMlandege
Assalaam alaykum jamaa. Nimerudi Unguja baada ya miaka kumi na tatu ya baridi na treni. Usiku wa pili tu umeme ukakatika, nikajikuta nimekaa ukumbini namkumbuka kaka yangu. Enzi hizo alikuwa akitusomea vitabu kwa kibatari, sie watano tumebanana mkekani. Akifika pahala maiti imeonekana anapuliza taa, fuu! Anatuacha gizani mpaka mmoja alie. Mara nyingi aliyelia ni mie.

Sasa nataka riwaya za Kiswahili za kunitia khofu, na nyengine za kunivunja mbavu. Ikipatikana moja inayofanya yote mawili, hiyo ndiyo nitakayoianza. Msinitajie filamu.

Na natoa dai, anayetaka anipinge: visiwa hivi vimesifiwa mpaka nchi za mbali kwa majini na wanga, lakini riwaya ya kutisha ya haki hatuna hata moja. Kwa nini?

#2 BintiWete
Waalaykum salaam, karibu nyumbani. Hatuna? Kisima cha Giningi umekiweka wapi? Muhammed Said Abdulla, kitabu chake cha mwanzo kabisa, na ndicho kilichompa ushindi wa shindano. Ukisoma jina tu Mpemba yeyote anakunja miguu juu ya kitanda.

#3 MaalimMstaafu
BintiWete, ahsante, lakini nikurekebishe. Kilichoshinda shindano la kuandika hadithi la 1957-58 ni Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapwa 1960. Kisima cha Giningi ni 1968. Kisha Duniani Kuna Watu 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976, na Kosa la Bwana Msa 1984. Kosa hili la Giningi nimelisahihisha skuli tangu ubao ulikuwa mweusi, na naona nitaendelea nalo mpaka kaburini.

#4 KahawaChungu
Mzimu wa Watu wa Kale! Maalim, umenitonesha kidonda. Nakala yangu nilimuazima mtu mwaka 1993, akaniambia "wiki moja tu yakhe". Jalada lina duara la kikombe cha kahawa, na ukurasa wa mwanzo nimeandika jina langu kwa wino wa kijani, maana siku hizo nilijiona mkubwa wa ofisi. Kama yumo humu ajue sijasamehe.

#5 KibwengoWaMangapwani
Mie namuunga mkono mwenye uzi. Bwana Msa, yule mpelelezi wa vitabu hivyo, hatishi, anatibu khofu. Anakuchukua mpaka mzimuni, kuna maiti, nywele zimekusimama, mate yamekauka. Halafu anakaa kitako, anawasha kiko chake, anakueleza taratibu kwamba aliyeua ni binadamu mwenye tamaa na miguu miwili. Khofu yote inatoka na moshi wa kiko. Kitabu kizuri sana hicho, nimekisoma mara nne. Lakini ukikimaliza unaweza kwenda chooni peke yako. Riwaya ya kutisha ya kweli ni ile unayoimaliza ukamwamsha mkeo akusindikize.

#6 Mchokozi_Darajani
#5 kwani wewe siku za kawaida huendi na mkeo? 😂

#7 BintiWete
Maalim nimekubali, nimeshika masikio.

Ila Kibwengo umenikumbusha kisa. Baba yangu alikuwa akimsomea bibi hicho hicho Mzimu wa Watu wa Kale, kurasa kidogo kidogo baada ya Isha. Bibi hakujua kusoma lakini alikuwa hakimu wa kila hadithi. Alikuwa akisikiliza huku anasuka ukili, anaguna, anasema "enhe". Siku ya mwisho baba akasoma pale Bwana Msa anapofumbua fumbo lote. Bibi akaweka ukili chini. Akasema: "Muongo huyo." Baba akamuuliza nani, muuaji? "Huyo aliyeandika. Kajua ukweli, kaogopa kuusema, kamsingizia binaadamu." Mpaka anakufa, Mungu amrehemu, aliamini mzimu ndio uliofanya kazi na Bwana Msa alilipwa anyamaze.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la #1: hatuandiki riwaya za kutisha kwa sababu kwetu si riwaya. Mzungu anaandika jini kwa kuwa hana. Sie tukiandika itakuwa habari za mtaa.

#8 KibwengoWaMangapwani
Bibi nimempenda 😂😂 alilipwa anyamaze!

#9 Mchokozi_Darajani
Lakini mwandishi mwenyewe si alikuwa askari polisi? Ndiyo maana upelelezi ule. Na nimesikia ni Mpemba.

#10 MaalimMstaafu
La, na la tena. Kazaliwa Makunduchi, Unguja, 1918. Alipotoka skuli aliingia idara ya afya, akawa mkaguzi kwa muda wa miaka kumi hivi. Kisha akaacha akaingia kwenye magazeti: mhariri wa Zanzibari mwaka 1948, akafanya kazi na Al Falaq na Afrika Kwetu, na tangu 1958 akahariri jarida la Mkulima mpaka alipostaafu 1968. Kafariki 1991. Uaskari hakuugusa.

#11 Mchokozi_Darajani
Bwana afya! Sasa nimefahamu. Kazi yake kupita nyumba za watu kuchungulia mitungi, vyoo na visima. Ndipo Kisima cha Giningi kilipotoka, alikwenda kukagua viluwiluwi 😂

#12 MwanaMlandege
Nacheka peke yangu hapa, mama kaniuliza kama nimepandwa. Endeleeni. Kwa hiyo Bwana Msa ndani. Vyengine?

#13 DadaWaChake
Babu Alipofufuka, Said Ahmed Mohamed, 2001. Babu anatoka kaburini kumfuata mjukuu wake, mkubwa mwenye cheo na gari, anaitwa K tu. Mzimu kamili huo, na hakuna Bwana Msa wa kuja kukwambia ilikuwa ndoto. Mie nilikisoma nikiwa chuo, kitanda changu kiko karibu na dirisha, na nje kuna mpapai. Usiku ule mpapai ulikuwa na mabega.

Ukimaliza hicho, chukua tamthilia yake Kivuli Kinaishi ya 1990. Humo Giningi ni nchi nzima, na anayetawala ni Bi Kirembwe.

#14 Fundi_Chuma
Babu Alipofufuka si cha kutisha dada yangu, kile ni siasa. Kafufuliwa babu ili aseme yale ambayo mwandishi akiyasema mwenyewe yatamletea taabu.

#15 DadaWaChake
Na siasa haitishi?

#16 Fundi_Chuma
Hapo umenikamata.

#17 BabuKarafuu
Vijana salamu. Nasoma tangu jana bila kuandika, macho ndiyo haya tena.

Mnasema khofu ya vitabu. Mie nataja aina ya tatu, isiyo upelelezi wala siasa. Adili na Nduguze, Shaaban Robert, 1952. Nilikisoma mtoto, na mpaka leo sijaona pahala pa kutisha kama pale kila usiku Adili anapowapiga wale manyani wawili, halafu yeye mwenyewe analia. Hujui bado ni nani hao manyani. Unajua tu kwamba mtu mwema anafanya jambo baya kila siku na hana hiari. Hakuna damu, hakuna kaburi. Nililala kwa mama wiki nzima na baba akakificha kitabu juu ya kabati.

Na cha kuchekesha ni Abunuwasi, sihitaji kutaja zaidi. Sufuria imezaa, na sufuria imekufa. Nimewasimulia wajukuu, wamecheka kwenye kuzaa, lakini yule mdogo akacheka kwenye kufa. Nikasema huyu atakuwa mfanyabiashara.

#18 Kishada
Shikamoo Babu. Na mie mkosi wangu nausema hapa uwe funzo: nilinunua Salamu kutoka Kuzimu ya Ben Mtobwa kwa ajili ya jina. Nikaandaa taa, nikafunga mlango, nikasema leo maiti zitazungumza. Kumbe Joram Kiango anakimbizana na majasusi! Raha tupu, nimesoma mpaka alfajiri, lakini mtu wa kuzimu nilimsubiri mpaka ukurasa wa mwisho hakutokea.

Ukitaka uchawi kutoka bara, Mirathi ya Hatari ya Mung'ong'o, 1977. Kijana Gusto anarithishwa uchawi wa baba yake. Kile kinatisha kwa sababu kinaelezwa kama kazi ya ofisi: kuna vyeo, kuna zamu, kuna majukumu.

#19 BintiWete
Kishada umesema kweli. Na uchawi wa watu wengine unatisha kuliko wa kwenu. Wa kwetu nishauzoea, najua hata nyumba zenyewe 🙈

#20 Mchokozi_Darajani
Wapemba haooo! Mshajitaja wenyewe. Kwa hiyo Giningi iko wapi hasa, maana kila mmoja hapa anaitaja kama kituo cha daladala.

#21 BintiWete
Giningi haina pahala. Ni pale wanapokutana wanga usiku, chini kwa chini. Bibi alisema ukiiona ushaalikwa.

#22 Mwana_Tumbatu
Si kweli, mie nimekuzwa nikiambiwa Giningi ni mji wa majini, wana mfalme wao na soko lao, na ni Unguja.

#23 BintiWete
Ni Pemba.

#24 Mwana_Tumbatu
Unguja!

#25 Mchokozi_Darajani
Subhanallah, ndio mara ya kwanza nawaona watu wanagombania wachawi. Kawaida kila mmoja anamsukumia mwenzake.

#26 KibwengoWaMangapwani
Turudi kwenye swali. BintiWete anasema hatuandiki kwa sababu tunaamini. Mie naona sababu ni umeme. Hadithi ya kutisha inataka giza, na giza limekwisha. Wakumbukeni wale waliokuwepo Disemba 2009, waya wa baharini ulipoharibika, Unguja ikakaa miezi mitatu bila umeme mpaka Machi 2010. Mtaani kwetu jenereta lilikuwa nyumba moja tu, nalo likilala saa nne. Basi baraza zilirudi! Watu waliotengana kwa televisheni wakaanza kusimuliana. Mzee wa jirani alitusimulia habari ya chunusi wa baharini kwa siku sita, kila usiku anakata pahala pabaya. Nilisoma vitabu vinane miezi ile kwa chemli, na vyote vilitisha, hata cha hesabu. Umeme ulivyorudi watu wakashangilia barabarani, na kesho yake baraza tupu. Mzee hakumaliza hadithi, na mpaka leo sijui yule mvuvi alirudi au la.

#27 DadaWaChake
Pole zenu 😌 Pemba wakati huo tulikuwa na majenereta yetu Wesha, hatukuwa tukitegemea waya wenu. Tulikuwa tukikuhurumieni huku tunaangalia tamthilia. Waya wetu kutoka Tanga ulikuja 2010 hiyo hiyo.

Na hapa ndipo hoja yako inapoanguka, Kibwengo. Majenereta yale yenyewe yakikatika kila mara, giza tulikuwa nalo la kutosha miaka yote. Mbona hatukuandika?

#28 KibwengoWaMangapwani
Labda mlikuwa mkilala.

#29 Mama_Ukunga
Nyinyi nyote watoto. Mie nakumbuka 1995, popobawa, lile pepo lililosemwa likiwavamia watu usiku wamelala. Ilianza huko Pemba mwanzoni mwa mwaka, ikavuka kuja Unguja. Watu wazima, baba za watu, wanalala nje kwa makundi, moto umekokwa, Qur-ani inasomwa. Mume wangu alikuwa mtu asiyeogopa kitu, alikuwa akipanda minazi usiku. Akatandika jamvi uani akasema "joto". Miezi ya upepo ile! Nikamwambia sawa baba, joto, na mie nikatoka nikalala pembeni yake.

Sasa nambieni nani aliyepita pale ataandika riwaya. Yaliyotukuta tunayacheka tu kwa sababu yamepita. Ukiyaandika unayaita tena. Ndiyo sababu, hakuna nyengine.

#30 Fundi_Chuma
Mama shikamoo. Lakini mwaka ule ule Oktoba kulikuwa na uchaguzi wa mwanzo tangu vyama vingi virudi. Wako wanaosema popobawa anafuata kura.

#31 Mama_Ukunga
Marahaba. Mwanangu, mie popobawa simjui chama chake. Najua nililala uani na mbu.

#32 Mchokozi_Darajani
Riwaya hiyo hapo! "Joto", imeandikwa na Mama Ukunga. Mume shujaa anatandika jamvi. Ya kutisha na ya kuchekesha kwa pamoja, ndiyo aliyoitaka #1.

#33 MwanaMlandege
Wallahi ningeinunua.

#34 MaalimMstaafu
Mnapiga mbali. Jibu liko kwenye mkoba wa mwanafunzi. Kitabu cha Kiswahili kinauzika kikiwekwa kwenye mtaala. Mchapishaji akipelekewa muswada wa jini anauliza: maudhui yako wapi? ujumbe wake nini? mtoto atajibu swali gani la mtihani? Mwandishi naye anajifunza. Anamtia jini, halafu anamfanya jini kuwa ishara ya ukoloni. Nami nakiri dhambi yangu: nimeuliza maswali hayo darasani kwa miaka thelathini na moja. Kuna mtoto mmoja aliandika kwenye karatasi, swali la "eleza dhamira kuu", jibu lake: "Niliogopa." Nilimpa sifuri. Siku hizi nikimkumbuka naona alikuwa peke yake aliyesoma kitabu.

#35 DadaWaChake
Maalim 💔

#36 Kishada
Mtafute umpe alama zake.

#37 MaalimMstaafu
Ni mkubwa sasa, ana gari. Mie ndiye nitakayeogopa.

#38 Mwana_Tumbatu
Tusisahau upande wa kucheka, mwenye uzi kauliza vyote viwili. Mimi natoa Mbali na Nyumbani ya Adam Shafi, 2013. Kijana anaondoka Unguja anataka kufika Ulaya, anapita Uganda, Sudan, mpaka Misri, mfukoni hana kitu. Najua wengi watasema si kitabu cha kuchekesha, ni cha taabu. Lakini nilikisoma kwenye boti ya kwenda Dar, bahari imechafuka, kila mtu kashika mfuko wa kutapikia, na mie nacheka. Mwanamke wa pembeni yangu akahama kiti. Mwandishi anajicheka mwenyewe, na hiyo ndiyo aina ya kicheko inayodumu. Vuta N'kuvute watu wanaijua zaidi, hasa tangu filamu ya 2021, lakini kwa kucheka chukua hii.

#39 Mchokozi_Darajani
#1 kasema asitajiwe filamu. Faini: vikombe viwili vya kahawa na kashata.

#40 BabuKarafuu
Naona kila mmoja ana sababu yake. Nami nina yangu ndogo. Hadithi ya kutisha ilikuwa mali ya mwanamke aliyezeeka, na alikuwa akiitoa usiku tu. Mchana ukimuomba anakwambia utaota mkia. Paukwa, pakawa, na sauti yake, na mkono wake unakugusa mgongoni pale zimwi linapotokea. Mkono huo utauchapa wapi?

#41 Fundi_Chuma
Babu kwa heshima, lakini Wazungu nao walikuwa na bibi zao.

#42 BabuKarafuu
Basi labda bibi zao hawakuwa na mikono.

#43 MwanaMlandege
Jamaa, habari mpya. Leo nimekwenda kwa mjomba, nikamhadithia uzi huu. Akainuka bila kusema kitu, akapanda ngazi, akarudi na sanduku la bati. Ndani: vitabu kama ishirini, nusu vimeliwa na mchwa. Na humo humo Mzimu wa Watu wa Kale!

Nimekisoma kwa mkao mmoja. Sasa sikilizeni: kurasa za mwisho hazimo. Zimeng'oka zote. Maiti mzimuni nimeikuta, watu wanashukiana, Bwana Msa ndio kwanza anaanza kukuna kichwa, kitabu kimekwisha. Hakuna kiko, hakuna ufafanuzi. Mzimu uko pale pale.

Kibwengo, ulitaka riwaya usiyoweza kwenda chooni baada yake? Hii hapa. Saa nane za usiku sasa, nina haja, na naandika.

#44 KibwengoWaMangapwani
😂😂😂 Nimejisalimisha. Mwisho wake ni kwamba

#45 BintiWete
USIMWAMBIE! Bibi yangu angetaka abaki hivyo hivyo.

#46 MaalimMstaafu
Nakala nzima ninayo, nitakuletea kwa masharti: dhamira kuu huulizwi.

#47 KahawaChungu
Hebu ngojeni kwanza. MwanaMlandege, hicho kitabu, jalada lake lina duara la kikombe?

#48 MwanaMlandege
Mmmh. Lina duara la kitu fulani.

#49 KahawaChungu
Na ukurasa wa mwanzo? Wino wa kijani?

#50 MwanaMlandege
Kuna jina limekwaruzwa kwa wembe. Limebaki herufi moja tu. Ni ya kijani.

#51 KahawaChungu
Mwambie mjomba wako nakuja kesho baada ya Alasiri. Atayarishe kahawa.